Siku Nane za Njiani

Siku ya saba ya fungate, Zamda alirudishwa kwa somo wake, kungwi aliyemfunda, kama desturi inavyotaka, akakaa mkekani na kunyoosha mikono juu ya mto ili kucha zake zisomwe.

Alikuwa amekula chakula cha mchana Osaka, wali na samaki wa kuchoma, sahani akamwachia mumewe aoshe. Kisha akapanda chombo cha Ukanda, akalazwa, akaamka Tabora, na Tabora ilikuwa bado saa nne asubuhi, watu hawajanywa chai. Kilomita elfu kumi na moja, mia nne na themanini, kwa dakika kumi na mbili za saa ya ukutani. Mama yake alishaacha kushangaa. Mji mzima ulishaacha kushangaa. Ilikuwa miaka tisa tangu Ukanda ufunguliwe, na watoto wa mtaa wa Isevya waliitaja Osaka kama unavyoitaja Urambo ya jirani.

Somo huyo, Bi Nyamizi binti Kapaya, hakuwa na haraka. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na tangu ana kumi na mitano alikuwa akiwapaka maharusi hina na kuwasoma kucha. Kusoma kucha si uganga. Hina ya kucha haioshwi ikatoka; inaingia ndani, inakaa humo mpaka kucha yenyewe ikue na kukatwa. Inapokua, kule chini karibu na nyama kunafunguka kijimwezi cheupe, na upana wa kijimwezi hicho ndio hesabu ya siku. Kikiwa upana wa uzi, ni siku saba. Kikiwa punje ya ulezi, ni nusu mwezi. Kikiwa punje ya mtama, ni arobaini, na mzazi aliyepakwa hina siku ya kujifungua anaruhusiwa kutoka nje. Wanawake wa ukoo wake walihesabu hivyo kabla kalenda hazijafika mitaani, na kalenda zilipofika walizitundika ukutani kwa ajili ya picha zake.

Kwa hiyo alitegemea kuona uzi. Aliinua kidole gumba cha Zamda, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango, na hakuona uzi. Hakuona kitu. Wekundu ulifika mpaka kwenye nyama, umejaa, kama vile hina imepakwa asubuhi ile ile.

Akamuuliza kama amepakwa tena huko. Zamda akasema hapana, nani wa kumpaka huko, labda ni chumba cha usafi. Ndivyo ilivyo, akaeleza: ukifika, kabla hujaamshwa, mashine inakuosha, inakukata kucha, wanaume inawanyoa ndevu, wanawake inawabana nywele vilevile walivyokuja nazo. Unaamka unanukia sabuni. Huduma hiyo ilitangazwa kwenye mabango, na wasafiri waliipenda kuliko safari yenyewe.

"Somo, mbona umenyamaza?" Zamda akasema. "Usiniambie umeona mimba ya siku saba."

Mama yake Zamda akacheka pale mlangoni. Bi Nyamizi hakucheka. Alilikwangua lile gumba kwa ukucha wake mwenyewe, polepole, na wekundu ukabanduka kama ganda la kitunguu. Hina haibanduki. Ile ilikuwa rangi. Mashine ilikuta kucha nyekundu yenye kipande cheupe, ikaufananisha wekundu, ikajaza pengo. Aliyeiunda hakujua kwamba kuna wekundu wa kukaa juu ya kucha na wekundu wa kukaa ndani yake.

Akaomba dawa ya kutolea rangi na pamba, akafuta vidole vyote kumi, kimoja kimoja, mpaka pamba zikajaa kwenye kisahani. Kisha akafungua kopo lake la nafaka, akachagua punje ya mtama, akailaza kwenye kijimwezi cha kidole cha kati. Ilienea, ikazidi kwa unywele tu. Akajaribu cha shahada, akajaribu cha pete. Ilienea.

Arobaini, akasema moyoni. Kasoro siku moja.

Akamwomba mama yake Zamda awapishe kidogo, akauliza swali ambalo ni somo peke yake anayeweza kuliuliza. Zamda akaona haya, akatazama mkeka, akajibu kwamba ndiyo, siku zake zilimjia huko huko, siku ya tano ya fungate, ilhali harusi ilipangwa iwe wakati ambao ndio kwanza zimekwisha. Alidhani ni mshtuko wa ugeni. Mumewe alichukulia kama utani, mama mkwe akanuna siku mbili.

Bi Nyamizi akamwambia asijali, mwili una mambo yake. Akampaka hina ya pili, akaifunga kwa majani, akamwacha aende. Alipobaki peke yake akalichukua tena lile kopo la nafaka.

*

Alifanya hesabu uani, kwa punje, maana kwenye karatasi tarakimu humkimbia. Akahesabu thelathini na tisa. Akatoa saba za fungate, zikabaki thelathini na mbili. Hizo ni za kwenda na kurudi. Akazigawa mafungu mawili, akazihesabu tena kuhakikisha. Kumi na sita huku, kumi na sita kule.

Zamda ana miaka ishirini na miwili. Siku hizo atazipoteza kama mtu anavyopoteza hereni, atahuzunika akijua, ataishi. Aliyemfanya Bi Nyamizi akae chini kwenye ngazi ya jiko ni Tunu.

Tunu alikuwa binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, miaka thelathini na mmoja, na vali moja ya moyo wake ilikuwa haifungi tena. Juzi daktari alimwita Bi Nyamizi pembeni, akasema siku kumi, kumi na mbili Mungu akipenda. Osaka kuna hospitali inayoweka vali mpya kwa kupitia mshipa wa paja, bila kupasua kifua, na kifua cha Tunu kisingestahimili kupasuliwa. Ndege ya kawaida ilikuwapo, saa kumi na tisa pamoja na kubadilisha mara mbili, lakini daktari aliikataa katakata: hewa ya huko juu ni nyembamba, moyo ule ungesimama kabla ya kituo cha kwanza. Ila dakika kumi na mbili, alisema, hata yai bichi linafika bila ufa. Akaandika barua. Mfuko wa hospitali ukatoa tiketi, daraja la chini, kesho saa nane mchana.

Bi Nyamizi akaweka punje kumi kiganjani, akaongeza mbili. Akazitazama sana. Kisha akatazama lile fungu la kumi na sita.

Ukumbini, Tunu alikuwa ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chali anahisi anazama. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vidole vimekuwa kama vya mtoto mchanga. Akamuuliza mama yake anahesabu nini huko uani muda wote huo.

"Mtama."

"Umepungua?"

"Umezidi."

"Basi wewe ndiye mtu wa kwanza Tabora kulalamika hivyo," Tunu akasema, na kicheko kikamgharimu pumzi tatu, akalazimika kufumba macho mpaka zirudi. Akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa, kwamba amewaachia wanafunzi zoezi la kugawanya, na akirudi atakuwa na madaftari sabini ya kusahihisha. Alisema akirudi kama mtu anavyosema kesho.

Bi Nyamizi akamfunika miguu, akavaa baibui, akaenda kituoni.

*

Meneja wa kituo aliitwa Shigela. Miaka kumi na mmoja nyuma Bi Nyamizi alimpaka hina mkewe, na siku ya ndoa Shigela alimmiminia somo huyo maji mikononi mbele ya wazee. Mwanamume aliyemmiminia maji somo wa mkewe hamfichi jambo akiulizwa mara tatu. Anaweza kuzunguka mara ya kwanza, anaweza kunyamaza mara ya pili, ya tatu anajibu. Ndoa ngapi Tabora zimeokolewa na swali la tatu, na ngapi zimevunjwa nalo.

Ofisi ilikuwa na ubaridi, na dirisha kubwa la kioo lililotazama ukumbi wa wasafiri. Bi Nyamizi alisalimia, akauliza hali ya mtoto, akaletewa maji, akayanywa nusu. Kisha akauliza, "Baba Kabula, safari ya Osaka ni siku ngapi?"

Shigela akatabasamu, akaeleza habari za dakika kumi na mbili, urefu wa njia na uimara wa chombo, maneno ya kwenye mabango. Akamuuliza mara ya pili. Shigela akaanza kupanga kalamu zake mezani, nyeusi upande huu, nyekundu upande ule. Bi Nyamizi akatoa ile punje ya mtama, akaiweka katikati ya kalamu, akaeleza alichokiona kwenye kucha za Zamda, pole pole, bila kuruka kitu. Akauliza mara ya tatu.

Shigela akainuka, akafunga mlango.

"Umbali haufi, somo," akasema. "Sisi tumeitoa njia kwenye saa. Kuitoa kwenye mwili tumeshindwa. Saa ya ukutani inapita pembeni, inahesabu dakika kumi na mbili. Mwili unapita katikati, unakaa humo siku nane. Umelala, unalishwa kwa mrija, hauna habari. Ukitoka tunaukata kucha."

"Mimi nimesoma kumi na sita."

Shigela akaketi tena. Alipoanza tena, alikuwa anaiambia ile punje. Mwaka wa tatu wa Ukanda, alisema, mafundi waligundua kwamba miili miwili iliyolazwa sambamba inaweza kuunganishwa, na siku za mmoja zikahamia kwa mwingine kama maji yanavyofuata mteremko. Wa daraja la juu wanapita bila siku hata moja. Zao zinashuka kwa wa daraja la chini. Kila wa chini ana zake nane, na mara nyingi huwa amewekewa pia nane za mtu asiyemjua. Ndiyo maana wajawazito hawapandi, wala wenye kisukari. Watu wanaambiwa ni mtikisiko.

Babu mzaa babu yake Bi Nyamizi alitembea kutoka Tabora mpaka pwani na jino la ndovu begani, miezi mitatu kwenda. Kovu la bega lile linasimuliwa nyumbani kwao mpaka leo.

"Wapagazi," akasema.

"Ndivyo."

"Lakini wale walijua kuwa wamebeba."

Bi Nyamizi akauliza kuhusu wagonjwa wanaopita kwa barua. Akajibiwa kwamba mwaka jana walikuwa wawili. Waliandikwa kuwa wamefia Osaka kwa maradhi yao, na kwa kweli ni hayo maradhi yaliyowaua, yalipata muda tu. Akauliza kuhusu Tunu. Shigela akafungua orodha ya kesho, akalitafuta jina, na uso wake ukabadilika, kwa sababu aliwahi kula kwenye nyumba ile na Tunu ndiye aliyepakua.

Kwa tiketi aliyonayo, akasema, hafiki; hata akiondolewa mzigo wa mwingine, zake nane peke yake zinatosha kummaliza.

Kisha akasema lile ambalo Bi Nyamizi alikuwa ameshaanza kuliogopa. Anaweza kumhamishia Tunu daraja la juu. Ni kubonyeza tu. Tunu atapita bila siku hata moja, atafika na siku zake zote alizobakiza, na vali itakuwa imeshawekwa kesho kutwa. Siku zake nane zitawekwa kwa mtu wa chini ambaye safari hii hakupangiwa mzigo. Taa ya kiti chake itageuka njano, na asipopanda zitahamia kiti kinachofuata.

"Niwekeeni mimi. Nitapanda naye."

"Mwili uliopita miaka hamsini na mitano hauzishiki, somo. Zinateleza, zinarudi kwa mwenyewe. Tulijaribu. Zingemrudia Tunu huyo huyo."

"Na nikitoka hapa nikaenda kusema?"

"Utaaminiwa," Shigela akasema. "Wewe utaaminiwa, wanawake wote wa mji huu wana hina. Kesho asubuhi Ukanda utafungwa. Na Tunu atakuwa ukumbini kwako juu ya mito mitatu."

Hakusema kwa ukali. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, alisema kama anayemshauri. Nje ya kioo wasafiri walikuwa wanapanga foleni, wanaume wengi wenye mvi za mapema, wale ambao mtaani huambiwa kazi ya Osaka inazeesha.

Bi Nyamizi akainua punje yake, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akasema kitu kimoja tu: kwamba anataka kumjua huyo mtu. Shigela akasema haisaidii. Akamwambia hakuuliza kama inasaidia. Meneja akatazama orodha, akaandika namba kwenye kipande cha karatasi. Mia mbili kumi na nne.

*

Kesho yake walifika saa saba na nusu. Wahudumu wawili walimchukua Tunu kwenye kiti cha magurudumu, wakampitisha mlango wa daraja la juu wenye zulia. Tunu akashangaa, akauliza wamekosea au wameokoka. Bi Nyamizi akasema meneja ni mume wa mwari wake. Tunu akasema basi usomo unalipa kuliko ualimu, akambusu mama yake mkono, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau.

Ukumbi wa daraja la chini ulikuwa na viti vyenye namba, kila kiti namba ya kitanda chake, na kwenye mkono wa kiti kulikuwa na taa ndogo. Nyingi zilikuwa za njano, chache za kijani. Bi Nyamizi alipita katikati ya safu akisoma namba, mpaka akamwona.

Alikuwa mwanamume mnene kidogo, shati limepigwa pasi vizuri, mfuko wa karanga mapajani. Usoni ungempa miaka arobaini na mitano. Akajitambulisha kabla hajaulizwa, maana ni mtu wa mazungumzo: Kapela, wa Ng'ambo, anafanya kazi Osaka kwenye nyumba ya wazee, kuwanyanyua kitandani, kuwakalisha, kuwalaza. Anakwenda na kurudi kila mwezi, miaka minne sasa. Ana miaka thelathini na sita. Wenzake wanamwita babu.

"Kaa mama, hicho cha pembeni hakina mtu. Leo nilipokaa taa ilikuwa kijani, nikasema nimekwisha, nitalala na baridi. Muda si mrefu ikageuka. Angalia."

Ilikuwa ya njano.

"Ina maana gani?" Bi Nyamizi akauliza, ingawa alijua.

"Wa njano tunapewa blanketi la pili. Mimi napata kila safari, sijui nina nyota gani."

Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na tisa kabla ya saa nane. Bi Nyamizi alikuwa amelala macho wazi usiku kucha akitafuta namna moja tu ya kulifanya jambo lile ambayo si wizi, na alipata moja: kuomba. Mzigo ulioombwa ukakubaliwa ni mzigo. Usioombwa ni kitu kingine. Kwa hiyo akamwambia. Alimwambia vyote, kwa sauti ya chini, kucha, siku nane, daraja la juu, taa. Akamwambia nani yuko nyuma ya ule mlango wenye zulia na moyo wake una hali gani. Akamwambia taa ile imegeuka kwa ajili ya mwanawe.

Kapela alitafuna karanga mpaka katikati ya maelezo, kisha akaacha. Mwanzoni alitabasamu kama mtu anayesubiri utani ufike mwisho. Akatazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Safari tisini na sita," akasema baadaye. "Zote njano."

Akakunja vidole, kimoja kimoja.

"Mara nane." Alihesabu kwa midomo. "Miaka miwili yangu. Na miaka miwili ya watu."

"Na miezi."

"Na miezi." Akafunga mfuko wa karanga kwa kuusokota, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Nikikataa, binti yako anakufa?"

Bi Nyamizi angeweza kusema ndiyo. Kapela angebeba. Ilikuwa dhahiri usoni mwake kwamba angebeba. Watu wanaonyanyua wazee kila siku huwa hawajui kukataa. Bi Nyamizi akafungua mdomo, na kilichotoka ni ukweli.

"Hapana. Mzigo haudondoki. Unahamia kiti kinachofuata."

Kapela akautia ule mfuko wa karanga kwenye begi.

"Basi hukuja kuniomba, mama. Umekuja ili upate usingizi." Hakupandisha sauti. "Usingeniambia, ningembeba huyo binti yako, nisingeujua uzito wake. Sasa nimeujua, na wa wengine wote juu yake."

Akainuka. Akakaa tena. Akasema ana mtoto wa darasa la pili anayemwambia kila akirudi, baba umechoka, na yeye humjibu ni safari. Akainuka mara ya pili, akabeba begi lake.

"Mungu amponye," akasema, na ilisikika kuwa anamaanisha. Akatembea mpaka mlango wa kutokea, akaonyesha tiketi kwa mlinzi, akatoka kwenye jua. Nyuma ya kioo kule juu Shigela alikuwa amesimama, ameona yote, na hakusogea.

Taa ya mia mbili kumi na nne ikazimika.

Ya mia mbili kumi na tano ilikuwa kijani. Ikapepesa mara moja, ikawa njano.

Aliyekaa hapo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, ametandaza mtandio mapajani anashona pindo lililofumuka. Aliiona taa, akagonga kioo chake kidogo kwa ncha ya sindano, akafurahi peke yake. Kisha akamgeukia Bi Nyamizi, akasema afadhali, maana safari iliyopita alitoka huko na mafua. Akakata uzi kwa meno. Ilikuwa bado dakika sita.

Dakika sita zinatosha. Alishaeleza yote mara moja, sasa angeweza kueleza kwa dakika nne. Huyu naye angeuliza swali lile lile, na angepewa jibu lile lile, na labda angeinuka, labda angebaki. Baada yake kulikuwa na mia mbili kumi na sita, mvulana mwenye visikilizio masikioni, na mia mbili kumi na saba. Mahali fulani kwenye safu ile angekuwapo mtu wa kusema sawa, nipe. Au asingekuwapo, na saa nane ingefika, na mlango wa zulia ungefunguliwa ili Tunu arudishwe nje akiwa kwenye kiti chake.

"Yule kaka amekwenda wapi?" mwanamke akauliza. "Naona mlikuwa mnazungumza vizuri, ghafla kaondoka."

Bi Nyamizi akatazama kiti kitupu cha mia mbili kumi na nne.

"Amesahau kitu nyumbani," akasema.

"Wanaume," mwanamke akasema kwa huruma, akakunja mtandio wake pande nne, akauweka vizuri kwenye mkoba.

Kengele ikalia. Watu wakainuka, wakaingia kwa namba, na mlangoni msichana wa sare alikuwa akigawa mablanketi, moja, mawili, mawili, mawili, moja. Yule mwanamke alipokea yake mawili, akayakumbatia kifuani, akaingia.

Bi Nyamizi alibaki kwenye ukumbi mtupu. Akatazama mshale wa dakika ukienda, nao ulikwenda kama mishale yote. Saa nane na dakika kumi na tatu simu yake ikalia. Sauti ya Tunu ilikuwa karibu sana, yenye pumzi fupi zile zile za asubuhi, hazikupungua, hazikuzidi.

"Nimefika, mama. Wamekwisha kunilaza kwenye machela, daktari yuko hapa." Akapumua. "Na sikusikia kitu chochote. Hata uzito kidogo."